Shahidi wa Kesi ya Yawar

Naseer Kirmani alikuwa na vitabu kadhaa madukani, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumliza mkewe. Jioni moja alirudi nyumbani kwake Mozang, Lahore, akamkuta Qudsia jikoni analia huku chapati zinaungua. Mkononi alishika jarida, na hadithi aliyoisoma ilikuwa ya Yawar Sehrai.

"Huyo mlevi?"

"Ndiyo, mlevi. Lakini huyu mwanamke wa danguro, baba Munazza, kama namsikia anapumua."

"Wa kwangu huwasikii?"

"Wa kwako wanahutubia tu."

Naseer hakula. Yeye na Yawar walianza uandishi meza moja, wakichangia chai. Sasa vijana waliingia mgahawani wakampita yeye kama wanapita kiti, wakaenda kumzunguka Yawar.

Serikali ilipomshtaki Yawar kwamba hadithi ile ni matusi, Naseer alijitolea kuwa shahidi wa upande wa mashtaka kabla hajaombwa. Mahakamani akaomba aisome hadithi hiyohiyo kwa sauti, watu wasikie uchafu wake.

Alianza kwa kinyaa. Mwanamke alikuwa akivua bangili zake ili aoshe maiti ya mteja, mgeni ambaye ndugu zake walikataa kumgusa. Kufika hapo, maneno yakamshinda nguvu. Sauti ikashuka, ikawa laini. Karani aliacha kuandika. Nyuma mtu alikuwa na kwikwi za kilio. Naseer akaacha kusoma.

"Mbona umekatiza?" hakimu akauliza. "Endelea."

Akasoma hadi mwisho. Yawar akaachiwa huru.

Nje, Yawar, mwembamba, anakohoa, akamnyooshea sigara. "Kaka, hakuna aliyewahi kuisoma vile. Hata mimi mwenyewe siwezi."

Naseer aliona afadhali angetemewa mate.

Yawar alifariki kipupwe kilichofuata, pombe imemmaliza ini. Waliomwita mchafu wakaanza kufundisha hadithi zake vyuoni, na kila kumbukumbu yake wanamwalika Naseer, mzee sasa, aje asome. Vitabu vyake mwenyewe havichapwi tena. Kila mwaka anaapa haendi. Kila mwaka anakwenda, maana hakuna mahali pengine watu wanapomsikiliza.

Safari hii msichana wa chuo alimtambulisha: "Huyu ndiye rafiki kipenzi wa marehemu."

Naseer alifungua kinywa akanushe. Ukumbi ulikuwa umejaa, kimya kabisa, unamsubiri. Akavaa miwani, akaanza kusoma.