Kura ya Jecha

Jecha wa Wawi alikuwa mchukuzi wa magunia ya karafuu pale Chake Chake. Akihutubia, kuku wa Shumba, mbali huko kaskazini, huinuka mayaini wasikie.

"Mti una mwenyewe!" hunguruma. "Na mgongo nao una mwenyewe!"

Aliasisi chama cha wachukuzi. Wanachama walikuwa yeye na punda wake, na punda hakukosa mkutano hata mmoja. Vyama vikubwa vilimkaribisha, vikamchoka, basi kila uchaguzi akasimama peke yake. Mwaka wa hamsini na saba alipata kura moja, na kisiwa kizima kilijua ni yake mwenyewe.

Uchaguzi wa sitini na moja ulikuwa na jambo jipya: wanawake nao watapiga kura. Jecha alikuwa amelipigania hilo mpaka sauti ikamkauka. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani, kura isiyotoka mkononi mwake.

"Mama Khatib," alimwuliza mkewe, Bi Khairiya, "utampa nani?"

"Kura ni siri. Kwani si weye uliyetufunza?"

Jecha akatoka kwenda kumlisha punda.

Siku ilipofika, wazee wasiojiweza wa Wawi walikwama majumbani. Jecha akafunga kiti mgongoni kwa kamba ya magunia, akawa anawabeba mmoja mmoja mpaka kituoni. Wa mwisho alikuwa Bi Time, kikongwe mwenye ulimi wa pilipili.

"Mie simpi kura mchukuzi," alisema huko huko juu. "Nampa tajiri. Nenda taratibu, wanitikisa!"

"Mpe umtakaye, bibi yangu. Shika kamba."

Bi Time alipokwisha kupiga kura, Jecha akataka kuingia apige yake.

"Nirudishe kwanza! Alasiri inanipita!"

Jecha alitazama mlango, akamtazama kikongwe. Akainama, Bi Time akapanda kitini. Aliporudi mbio kutoka Wawi, askari alikuwa ameshafunga.

Matokeo yaliposomwa, jina lake lilikuja mwisho. Kura moja.

"Ile ile ya zamani!" watu wakaangua kicheko. "Kajipigia tena! Hata mkewe kamkimbia!"

 Jecha alikuwa ameshatimua mbio, na wanaojua wanasema alimpita Mwarabu mmoja aliyepanda farasi.

Bi Khairiya alikuwa barazani akisuka ukili.

"Ngapi?"

"Moja."

Ukili ukamponyoka. "Moja? Basi yangu wameiiba! Twende kwa huyo msimamizi sasa hivi, nitamtoa macho!"

"Hawakuiba, mke wangu. Ndiyo hiyo."

"Na yako?"

"Nilikuwa nimembeba Bi Time. Nikakuta pamefungwa."

Bi Khairiya alimtazama, kamba ingali imemkaa mabegani. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, kisha akamfungua kamba na kumkanda mabega kwa mafuta ya nazi.

"Baba Khatib, weye mjinga."

"Nimeshinda," akasema Jecha.

Sitini na tatu alisimama tena. Safari hii Bi Khairiya alimkokota kituoni alfajiri, kabla hajambeba mtu. Kura zikawa tatu. Mbili tunazijua. Ya tatu, Bi Time aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba si yake.