Hodi ya Baba Stella

Mume wangu Thadeo alikuwa na utani mmoja: haingii nyumbani kwake mpaka nimkaribishe. Atapiga hodi, atasimama mlangoni kama mgeni, na nisipoitika hakanyagi ndani. Mvua inyeshe, shauri lake! Nilimgombeza miaka mingi. Basi mwaka ule wa themanini na tatu, alipolazwa Dar, hodi ile ndiyo niliyoitamani kuliko kitu chochote.

Alijikata mguu kwa jembe katika shamba la kijiji. Jeraha likatunga usaha, usaha ukaingia mfupani. Penisilini walimchoma mpaka wakachoka. Vijidudu vimeshaizoea, wala haviijali. Daktari akasema imebaki sindano mpya, amikasini, ila ina ukali wake: inaweza kuharibu masikio. "Yakianza kulia, useme siku hiyo hiyo, tuiache," alimwambia mbele yangu. Thadeo akaitika, ndiyo daktari.

Nikarudi Kibaha, kwetu Sofu, kwa mtoto wetu Stellamaris. Mafuta hakuna, magari ya shida, sikuweza kwenda tena. Jamani, nilivyomkumbuka yule mwanamume! Jioni nikisikia kitu uani, moyo unaruka, kumbe kuku wa jirani. Nilikuwa nazungumza na shati lake, mimi Honorata, mtu mzima na akili zangu.

Siku moja niko jikoni nasonga ugali, nikasikia: "Hodi!"

"Karibu!" Nilipaza sauti, machozi yananitoka. "Karibu, Baba Stella!"

"Hodi!"

"Nimeshasema karibu! Hata leo unanifanyia utani?"

"Hodi, Mama Stella!" Safari hii sauti ilikuwa kubwa, ya kuomba.

Nikatoka na mwiko mkononi, nimekasirika na kufurahi kwa pamoja. Alikuwa mlangoni, amekonda, lakini amesimama kwa miguu yake yote miwili. Nikamwambia mengi. Yeye akawa anauangalia mdomo wangu tu.

"Masikio yalianza kulia mapema," akasema. "Nikanyamaza. Ningesema, wangeiacha sindano, na mimi nisingerudi kwako."

Nilitaka kumchapa kwa ule mwiko. Nilitaka kumbeba mgongoni kama mtoto. Na yeye bado yuko nje, anangoja. Nikamshika mkono, nikauweka kooni kwangu, nikasema polepole, "Karibu."

Akaingia.