Shangazi Yuko Tanga, Hoteli ya Nini?

Usiku wa kuamkia leo niliota nimetumwa mnadani kuchagua hoteli.

Sikushangaa hata kidogo. Mimi ni afisa mifugo, huu ni mwaka wa kumi na saba nakagua ng'ombe hapa Same, na kama kuna mahali duniani ninapoweza kuchagua kitu bila kudanganywa, ni mnadani. Hoteli zilikuwa kama ishirini hivi. Zilifungwa kamba kwenye vigingi, zinacheua taratibu, nyingine zimejilaza ubavu kivulini. Mbili tatu zilikuwa na kupe.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini nilitumwa. Mke wangu Nakunda nimemuoa miaka kumi na tisa iliyopita. Katika miaka hiyo tumekwenda Tanga kupumzika mara nne, na mara zote nne tumelala chini, sebuleni kwa shangazi yangu Navoneiwa, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu, juu ya zulia lenye picha ya simba. Shangazi huamka saa kumi na moja alfajiri kusali, na njia yake ya kwenda kunawa uso inapita juu yetu. Wiki iliyopita Nakunda aliniambia, bila kupandisha sauti: "Baba Senkondo, safari hii nataka hoteli. Hoteli nitakayoikumbuka mpaka uzeeni. Nikiliona tena lile zulia, nakwenda kwa mama yangu Usangi, na huku sirudi." Mke wangu hana tabia ya kutisha watu. Yeye hutoa taarifa.

Nikasema sawa. Kusema sawa si kazi, hata kasuku anaweza. Kazi ilikuwa kumwambia shangazi, aliyenilea tangu darasa la tano, kwamba tunakuja mjini kwake na hatulali kwake. Kwetu sisi, kulala hotelini katika mji anaokaa shangazi yako ni kuutangazia mtaa mzima kwamba kwake kuna kunguni. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kimya siku saba, na safari yenyewe ni kesho kutwa.

Turudi mnadani. Dalali alikuwa pweza aliyevaa koti jeupe, mikono yote minane imepita kwenye mikono miwili ya koti.

"Karibu daktari," anasema. "Unataka ya namna gani?"

"Ya kukumbukwa."

"Wote husema hivyo. Wakirudi nyumbani wanakumbuka mbu."

Naanza na ya kwanza. Ni ndefu, ya vioo vitupu, imeinua shingo kwa maringo. Napanua mlango mkubwa kwa mikono miwili, natazama meno. Ngazi za chini zimesagika mpaka kwenye ufizi.

"Umri wake?"

"Miaka mitatu," anasema pweza.

"Meno haya ni ya miaka kumi na moja."

"Ni chumvi, daktari. Pwani chumvi inakula kila kitu."

Hoteli ikaona imeumbuka, ikajitetea yenyewe. "Nina chumba namba tisa," ilisema kwa sauti ya puani. "Kinatazama bahari."

Nikachungulia. Ilikuwa kweli. Chumba namba tisa kilikuwa kimeegemeza viwiko dirishani, kinatazama bahari, sisi kimetupa mgongo. Nikakisalimia, kimya. Nikakohoa, kimya. Nikauliza kama huwa kinageuka.

"Tangu kijengwe hakijageuka," ilisema hoteli kwa fahari. "Mwaka juzi mgeni alijifungulia humo humo. Hakikugeuka."

Ya pili ilikuwa imejaza kifua na kuandika langoni kwamba ina nyota tano. Nyota zilikuwa nne. Zilikaa kwenye benchi, zinachambua mchicha.

"Imeandikwa tano," nikasema.

"Mwenzetu yuko likizo ya uzazi," alijibu mkubwa wao bila kuinua kichwa. "Akirudi tutakuwa sita. Kwa hiyo wahi."

Ya tatu haikusema kitu. Ilikuwa fupi, nyeupe, yenye baraza pana na macho ya upole. Nikaipapasa miguu, misingi mizima. Nikauliza habari za mama yake, kwa sababu ndama humjui mpaka umwone aliyemzaa. Pweza akasema mama yake alikuwa nyumba ya wageni ya kanisa, kule Lushoto, na hajawahi kumpiga mtu teke. Nikaigonga ubavuni, vumbi la chokaa likaruka kidogo. Nikasema hii.

Kufumba na kufumbua tuko Tanga. Hoteli imelala ufukweni, inatafuna mwani. Nakunda amekaa juu ya sanduku letu, amevua viatu, miguu yake iko ndani ya maji mpaka kwenye vifundo, na anatabasamu. Ni miaka sijaliona lile tabasamu. Nikajiambia, bwana we, umeshinda.

Bustanini watu wazima wenye nguo za kuogelea walikuwa wanalima matuta.

"Hao ni nani?" nauliza mapokezi. Mapokezi ni birika la chai lenye miwani.

"Wageni wa siku ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hatuvunji kanuni."

Mzee mmoja mwenye bukta ya maua akanipungia jembe. "Udongo wake mzuri!" alisema. "Mwakani nakuja na familia."

Birika likanisukumia fomu. Jina, nikaandika. Kabila, nikaandika. Halafu pakawa na swali: *Ndugu yako aliye karibu ni nani?* Nikashika kalamu ili niandike "Sina". Kalamu ikakaza shingo.

"Siandiki," ilisema.

"Andika."

"Mimi nimefanya kazi kwa mtendaji wa kata miaka sita. Uongo naujua kwa harufu."

Ikanivuta mkono, ikaandika yenyewe, kwa hati nzuri kuliko yangu: *Navoneiwa, shangazi, Barabara ya Kumi na Tatu.* Birika likasoma, likavua miwani, likaifuta, likasoma tena.

"Una shangazi mjini?"

"Ninaye."

"Na umekuja hotelini?"

Wageni wote wakaacha kulima. Hoteli ikaacha kutafuna. Nikasikia kitu kinakatika mgongoni mwa jengo, na milango yote ya vyumba ikafunguka kwa wakati mmoja. Namba moja, sebule ya shangazi. Namba mbili, sebule ya shangazi. Nikapanda mbio mpaka juu, ishirini na nne zote ni sebule ya shangazi, kochi ni lile lile lenye kitambaa cha kufuma, na chini kuna zulia, na kwenye zulia kuna simba.

"Umefika," alisema simba. "Mlale kama kawaida, mama upande wa mkia."

Natoka nje nikihema. Juu ya paa amekaa Shangazi Navoneiwa mwenyewe, kanga mbili, miguu inaning'inia, anakung'uta mto.

"Mwanangu! Nimeshawatandikia."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmekuja wangapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikasema, "Tumepita tu, shangazi, hatukai." Bahari ikarudi nyuma hatua kumi. Miguu ya Nakunda ikabaki kwenye mchanga mtupu.

"Mnapita kwenda wapi? Mbele ni maji," alisema shangazi, na alikuwa na haki.

"Ofisi ndiyo iliyotupangia hoteli. Ni amri." Bahari ikarudi nyuma mpaka mwamba ukaonekana. Kaa wakatoka kuuliza kulikoni.

"Nakunda ana mzio. Ana mzio wa simba."

"Wa nani?" Simba alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, amelivuta zulia zima nyuma yake. "Mara nne nimemlaza mgongoni mwangu, leo ndiyo nampa mzio? Muulize nani kati yenu anakoroma!"

Bahari sasa ilikuwa mstari mwembamba upande wa Pemba. Samaki wamesimama kwenye tope, mikono kiunoni. Mke wangu yuko juu ya sanduku katikati ya nchi kavu, na lile tabasamu limeshaondoka. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Baba Senkondo," alisema.

"Naam."

"Hoteli umechagua nzuri sana. Mimi sina neno na hoteli."

Akavaa kiatu kimoja, akaanza kutafuta cha pili. Nilijua akikipata ataondoka, na akiondoka hatarudi. Nikapata uchungu ambao sikuwahi kuupata nikiwa macho. Miaka yote nilikuwa nikijiita mtu mwenye heshima kwa wakubwa. Nilikuwa mwoga, na bili ya woga wangu ilikuwa ikienda kwenye mgongo wa mwanamke huyu.

Nikavuta pumzi. Nikaiweka mikono mdomoni nikapiga kelele zinazotumika kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde:

"SHANGAZI! NAKUPENDA SANA! SAFARI HII TUNALALA HOTELINI! KWAKO HATULALI!"

Hata pweza, aliyekuja bila kualikwa, alishika koti lake. Zulia likajikunja lenyewe na simba wake ndani, likajisimamisha kwenye kona. Bahari ikarudi mbio, inaomba radhi kwa kila kaa inayempita, ikamfikia Nakunda magotini. Juu ya paa mto ulimponyoka shangazi. Akafumbua mdomo anijibu.

Nikaamka.

Kulishapambazuka. Nakunda alikuwa jikoni, nasikia anakoroga uji. Nilibaki nimelala nikijipongeza, kisha nikakumbuka kwamba ushujaa wa ndotoni haulipiwi popote, na kwamba shangazi bado hajui kitu. Koo lilikuwa limekauka na linauma. Nikachukua simu nitazame saa.

Palikuwa na meseji, imeingia saa kumi na moja na dakika nne. Ilitoka kwa Shangazi Navoneiwa, ambaye haandiki meseji, hupiga tu. Nikaisoma nimekaa, halafu nikaisoma nimesimama.

*Nimesikia. Masikio yangu bado mazima, hukuwa na haja ya kunipayukia vile nikiwa juu ya paa. Ningeanguka je. Hotelini sawa, laleni. Mimi miaka arobaini na mbili nawatandikia watu wanaokuja kuona bahari, hajatokea hata mmoja wa kunitandikia mimi. Niwekeeni chumba na mimi. Kiwe cha chini, magoti yangu hayapandi ngazi.*

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mara nne nimelalamikia sakafu ya yule mama, na hata siku moja sijauliza yeye analala wapi nyumba ikijaa.

Nikampelekea Nakunda simu jikoni, bila maelezo, kwa sababu sikuwa nayo. Akasoma huku anakoroga. Akaacha kukoroga. Akanitazama mimi, akaitazama dari yetu, akasoma tena kuanzia mwanzo.

"Magoti yake kweli hayapandi ngazi?" aliuliza.

"Hayapandi kabisa."

"Basi yeye chumba cha chini, sisi ghorofa ya mwisho." Akanirudishia simu, akashika mwiko. "Na asubuhi asiguse shuka. Nitakwenda mwenyewe kumtandikia."