Lawama ya Mama Delphine

Michée alipokufa kwa uvimbe kichwani, kama baba yake kabla yake, watu wa mtaa wao pale Nchelenge, kando ya ziwa, walikohamia kutoka ng'ambo, walianza kumkwepa mama yake, Delphine. Mume, kisha mwana: wakasema ni buloji, uchawi wake. Mdogo wake Michée, Ngoy, alipoanza kupoteza jicho la kushoto, yeye mwenyewe alitupa vyombo vya mama yake nje. Delphine hakubisha. Alipanda boti ya wachuuzi wa samaki, akahamia kisiwani Chisenga.

Miaka ikapita. Jicho la pili lilipofifia, Marthe, mkewe Ngoy, alimpeleka Lusaka. Daktari Mpundu aliwaeleza kwa Kibemba, bila haraka. Ndani ya seli, kundi la protini hubandika alama iitwayo ubikwitini kwenye protini inayoamuru mishipa mipya ya damu iote. Ikishabandikwa, inaharibiwa. Oksijeni ikipungua tu ndipo seli huacha kuibandika, ili mishipa iongezeke. Kwa Ngoy, kundi hilo lina kiungo kibovu. Alama haibandikwi, amri haikomi, na mishipa inaota ovyo na kufanya uvimbe machoni, kichwani, figoni.

"Nimeutoa wapi ugonjwa huu?" Ngoy aliuliza.

"Kwa baba yako, bila shaka. Mtoto naye apimwe."

Walimpima binti yao, Chouchou. Alikuwa na kasoro ileile.

Marthe akamshika mumewe mkono wakavuka hadi Chisenga. Delphine alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi. Ngoy alipiga magoti.

"Mama, haikuwa buloji. Ni ugonjwa wa kurithi, ulitoka kwa papa. Weye hauna kosa. Unisamehe."

Delphine aliacha kugeuza samaki, wakaanza kuungua.

"Kumbe haiko miye nilimuua Michée?"

"Mama! Ulikuwa unawaza ni weye?"

"Batu bote balisema. Nikawaza pengine niko naua mu usingizi, bila kujua. Mutoto wako alizaliwa, nikaogopa hata kuja kumuona." Akafuta macho kwa kitenge. "Iko muzima?"

Marthe alimwambia ukweli: uvimbe ukionekana mapema unaweza kukatwa, lakini Chouchou atapimwa maisha yake yote. Delphine alikaa chini mchangani, akalia kwa sauti.

Alirudi nao siku hiyohiyo. Ndani ya boti, Ngoy alimwuliza Marthe kwa kunong'ona sura ya mama yake sasa ikoje. Marthe alimtazama yule mama, kisha akauchukua mkono wa Ngoy, akauweka kwenye shavu la Delphine.