Chenga za Njano

"Kwa hiyo leo mimi ndiye mchawi," mama mkwe alisema, akaigeukia foleni ya duka la dawa ili na wengine wafaidi. "Nimelea watoto saba kwa mikono hii, leo nafundishwa homa na aliyezaa juzi. Asiyesikia la mkuu, mtamwona."

Mama mtoto alimgeukia mfamasia. Walikuwa wamegombana njia nzima, na mwanawe wa miaka miwili alikuwa amemlalia begani, moto kama jiwe la jikoni, hata kulia hawezi.

Mfamasia alikwisha kumpima joto na uzito. Akarudia swali lake: kabla ya kumwongezea dawa, tangu asubuhi mtoto kamezeshwa nini? Mama akataja dawa ya maji ya homa aliyompa kabla ya kwenda kazini, akaonyesha kwa kidole ilipofika kwenye kibomba cha kupimia. Mkwe akasema yeye kampa uji tu.

"Uji mtupu, bibi?"

"Naapa kwa kichwa cha huyu mtoto." Akakiwekea kiganja.

Mtoto akatapika. Uji ulimchuruzika mama yake mgongoni, na ndani yake mlikuwa na chenga za njano. Mama alizijua. Ni rangi ya vidonge vya mafua alivyokuwa akimeza mkwe wiki nzima. Akaupokonya mkoba wa yule mzee, akaumwaga juu ya kaunta: leso, ufunguo wa nyumba, pakiti ya vidonge iliyobaki nusu.

Mfamasia akaigeuza pakiti, akaisoma. Hakupandisha sauti. Vidonge hivi ni vya watu wazima, alisema, na ndani yake mna paracetamol ileile iliyomo kwenye dawa ya maji. Mtoto kapewa juu ya kupewa, na ini lake ndilo litakaloumia. Yeye hamwuzii mama kitu. Aende hospitali sasa hivi, na pakiti mkononi, akaseme vilikuwa vingapi na saa ngapi.

"Vingapi, mama?" mama mtoto akamuuliza mkwe.

"Viwili. Nilivisaga. Saa sita." Mkwe alikunja uso. "Vitone vyako hivyo vingeshusha homa gani?"

"Na jana?"

Mkwe akaangalia pembeni. "Jana pia. Ikashuka, ukajisifu ni dawa yako. Nikakuacha ujisifu, nikicheka moyoni."

Mama akachukua pakiti. Akachukua na ufunguo wa nyumba.

"Nguo zako mwanao atakuletea," alisema. "Kwangu hurudi."

Teksi ilikuwa mlangoni. Mkwe akamfuata mbio, sasa analia, anasema yule ni mjukuu wake, damu yake, asiachwe barabarani kama mbwa. Akaushika mlango wa gari. Mama akauvuta kwa nguvu, wala hakutazama kama vidole vimetoka.

"Hospitali," akamwambia dereva.