Mtungi wa Nyuma ya Nyumba

Baba alipovuka Ruvuma kwenda kumchukua bibi, alimwachia mama neno moja: mtungi wa nyuma ya nyumba usikauke. Bibi, mzaa mama, alikuwa upande wa Msumbiji, karibu na Mueda, ambako ndege za Wareno zilikuwa zikiangusha mabomu. Baba alisema haiwezekani mama mkwe alale porini na mkwewe ana miguu.

"Nikimpandisha mlima huu atakuwa na kiu," alisema. "Nitaificha wapi sura yangu nikimfikisha kwenye mtungi mkavu?"

Kwetu juu ya uwanda maji hayapo. Mwanamke hushuka bondeni alfajiri, akapanda na ndoo kichwani jua likiwa kali. Kwa sababu hiyo mimi, Justa, niliacha shule darasa la nne. Mtungi wetu ulifukiwa ardhini hadi shingoni, ukafunikwa kwa jiwe bapa, na mbele yake pakaachwa kichaka. Asiyeambiwa angepita kando yake asiuone.

Masika yakapita, baba hakurudi. Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya, kule barabara ya Newala. Mama aliomba tubaki kidogo tu, mpaka mwenye nyumba arudi. Aliambiwa mwenye nyumba atauliza njiani. Mapaa ya nyumba yakaezuliwa, tukaondoka na mikeka, kuku na jembe. Mikorosho tuliiacha.

Huko kijijini, mwalimu wa dini aitwaye Ambrosi alikuwa akitufundisha kila Jumapili chini ya banda la nyasi. Alisoma habari za Waisraeli waliohama kila wingu lilipohama, wasijue wanakokwenda. Alisema nasi ni vivyo hivyo, anayetuongoza anajua. Jumapili nyingine alisoma habari za Hagari, aliyefukuzwa na mwanawe na kiriba cha maji, maji yakaisha jangwani, Mungu akamfumbua macho akaona kisima.

"Huyo Hagari alikuwa na bahati," jirani yetu Paulina alisema. "Yeye alifukuzwa akaonyeshwa kisima. Sisi tumefukuzwa tukaonyeshwa nguzo ya bomba lisilotoa maji."

Wanawake walicheka mpaka Ambrosi naye akainamia Biblia yake. Mama hakucheka. Usiku alinitaka nimsomee tena maneno yale, nami nikasoma polepole nikifuata kwa kidole. Alisema kama Mungu alimwona mjakazi jangwani, hawezi kushindwa kumwona baba Justa porini.

Tangu hapo, kila tulipopata maji ya kutosha, tulikwenda kule mahame kujaza mtungi. Ilikuwa safari ya nusu siku. Nilifika koo limekauka, lakini mama hakuniruhusu hata kulowesha midomo. "Hayo ni ya baba yako," alikuwa akisema. Paulina alimwambia waziwazi kwamba anamwagilia magofu. Mama alimjibu kwamba Mungu hajawahi kumwomba Paulina ndoo.

Siku moja tulikuta jiwe limesogezwa. Maji yalikuwa yamepungua, na kata ya kuchotea ililala kifudifudi juu ya jiwe. Nyumbani kwetu baba ndiye aliyekuwa akituhimiza kuifunika kata hivyo, ili mdudu asiingie. Mama alitua ndoo.

"Baba Justa," aliita kuelekea kuta zisizo na paa. Akaita tena.

Aliyetoka alikuwa mwanamke kijana, amefunga mtoto mgongoni, miguu imepasuka. Alipiga magoti akamwamkia mama shikamoo. Mama hakuitikia. Alimwuliza ni nani aliyemwonyesha mtungi.

Mwanamke alisema kwa Kimakonde cha ng'ambo kwamba walikuwa wengi wakikimbilia mtoni. Njiani walimkuta mwanamume amekanyaga bomu lililofukiwa. Alikuwa amembeba bibi kizee mgongoni. Bibi alikuwa amekwisha kufa, na mwanamume mguu wake mmoja haukuwepo tena. Walitaka kumbeba, akakataa, akasema watachelewa wote. Akawaelekeza: wavuke, wapande mlima, watafute mikorosho mitatu na kichaka, nyuma ya nyumba.

"Alisema tusipowakuta watu, maji tutayakuta," mwanamke alisema. "Alisema mke wake hawezi kuuacha ukauke. Na tukimaliza, kata tuifunike."

"Mlimwacha yu hai?"

Mwanamke aliangalia chini. "Tulimwacha anaongea, mama. Wenzangu walioshika njia ileile nyuma yetu walituambia wamemfukia."

Mtoto alianza kulia. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Mama aliinua uso mbinguni akasema, si kwa mwanamke wala kwangu, "Kwa hiyo ulikuwa unamwangalia huyu."

Hakulia. Aliondoa jiwe, akamimina maji yetu mtungini kama siku zote, mpaka tone la mwisho. Alichota akampa mwanamke, naye akamnywesha mtoto. Kisha alichota tena, akanigeukia mimi.

"Kunywa, Justa," alisema.

Nilikunywa. Naye akanywa, akaiacha kata chini, mdomo ukitazama juu.