Mia Nne na Kumi na Tatu

Zuwena alikuwa anaepua kachori za mwisho langoni mwa shule, Mwalimu Mkuu Zebedayo akamjia na tabasamu lake la siku za wageni.

"Mama Rahila, leo mwanao anatutoa kimasomaso. Risala yote kwa mgeni rasmi anasoma yeye."

"Nashukuru, Mwalimu."

"Umemwambia asome kama ilivyoandikwa?"

"Nimemwambia."

"Vizuri. Unajua hii nafasi yako ya kuuza hapa wanaitaka wengi."

Akaenda zake. Mama Rahila, ati. Miaka kumi na mmoja mtu anaitwa Mama Abass, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama wanavyoitwa wanawake wote wa pwani hii. Mwezi wa nne, kaburi la Abass halijakauka, walimu wote wakambadilisha jina siku moja, utadhani walikaa kikao. Na labda walikaa.

Sakafu ya choo cha wavulana ilikuwa na ufa tangu mwaka juzi. Kila mzazi aliuona. Barua zilipelekwa mjini Tanga, zikajibiwa kwa barua. Siku ile ya mvua sakafu ikadidimia, Abass yumo ndani. Ilichukua saa nne kumtoa. Kesho yake likaja trekta, likafukia shimo kwa kifusi, likashindilia. Na siku ya hitma Zebedayo huyu huyu akaja na karatasi iliyosema ni ajali ya mvua, basi. Zuwena, macho yamevimba, akatia saini bila kusoma. Hilo hajajisamehe mpaka leo.

Alijifuta mikono akaingia uwanjani kwenye tamasha la kufunga shule. Akasimama ghafla. Jukwaa lilikuwa limejengwa pale pale, juu ya kifusi.

"Hawakuona mahali pengine?" alimuuliza jirani yake, Bi Mwanaasha.

"Ndipo palipo sawa, mwenzangu. Kwingine mashimo matupu. Kaa, usijiumize."

Akakaa. Darasa la pili wakapanda, wakaimba na kurukaruka, mbao zikadunda. Kila zilipodunda, Zuwena alisikia mtu anagonga kwa chini. Alijua ni mbao, hana wazimu. Lakini watoto waliokuwepo siku ile walisimulia kwamba Abass aligonga bomba la pembeni kwa muda mrefu, kisha akaacha. Tangu hapo kitu chochote kikigonga, mlango, kinu, mwiko kwenye sufuria, Zuwena husimama akisubiri kama kitagonga tena. Wimbo ulipokwisha wazazi walipiga makofi, naye alikuwa bado anasikiliza.

Kisha akapanda Rahila, darasa la nne, ushungi mweupe aliopigiwa pasi na mama yake alfajiri. Mgeni rasmi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye kitambaa, shada shingoni, anachezea simu.

"Ndugu mgeni rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uhai sisi sote."

Kwenye "sote" sauti ilikwama kidogo. Ilikwama hapo kila siku wiki nzima, nyumbani, akijifunza. Zuwena alikuwa ameshaikariri risala yote, na ndiyo maana aliposikia sentensi iliyofuata alishtuka.

"Shule yetu ina wanafunzi mia nne na kumi na tatu."

Kwenye karatasi ni kumi na mbili. Nyumbani alisoma kumi na mbili, mara zote.

Zebedayo alicheka akimtazama mgeni. "Kumi na mbili. Rudia, mwanangu."

"Mia nne na kumi na tatu," Rahila akasema.

Zebedayo akainamia kipaza sauti. "Mama Rahila uko wapi? Hebu njoo umsaidie mwanao, amechanganyikiwa."

Watu wakageuza shingo. Zuwena alifikiria karai lake, meza yake langoni, na huyu mtoto mmoja aliyebaki ambaye mwakani atarudi kwa walimu hawa hawa. Aliogopa, kweli aliogopa. Bi Mwanaasha alimshika kitenge, kisha akakiachia.

Zuwena akasimama.

"Mie Mama Abass, Mwalimu," alisema. "Na mtoto kahesabu sawa. Huyo wa kumi na tatu ndiye mliyemjengea jukwaa juu yake."

Mgeni rasmi akainua macho kutoka kwenye simu, akauliza huyo wa kumi na tatu ni nani. Zebedayo alivuta waya wa kipaza sauti, ukachomoka.

Rahila alimtazama mama yake, akaendelea kusoma kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, haifiki nyuma. Bi Mwanaasha akawa wa kwanza kubeba kiti chake na kusogea mbele. Wazazi wengine nao wakaanza kubeba vyao.